Nasali alfajiri, mchana naogopa mlango ukigongwa

SWALI

Shikamoo mama mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Pasua, Moshi. Mume wangu ni wa Uru, alikuwa mpagazi wa mlima. Mwaka jana aliteleza akishuka na mzigo, goti likaumia, na tangu hapo hajapanda tena. Anashinda nyumbani, haongei, kanisani ameacha kwenda. Mimi nauza ndizi Mbuyuni. Ada na kodi ya nyumba vilipogongana nilichukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, laki tatu, rejesho elfu kumi na tatu kila siku kwa siku 30. Siku ya kumi na moja nikakwama, nikakopa kwingine ili nilipe kule kwa kwanza. Wakopeshaji wameandikisha kabati, televisheni na jiko la gesi kuwa dhamana, na kitambulisho changu cha NIDA wanacho wao. Mume wangu hajui lolote. Naamka saa kumi alfajiri nisali, maneno hayatoki, nalia tu. Juzi binti yangu wa miaka 14, yupo darasa la kipaimara, aliniuliza: "Mama, wewe unaamini kweli au unasema tu?" Sikuwa na jibu. Imani iliyopotea inarudije? Na ujasiri wa kuishi hivi nitautoa wapi?

Mama wa Watatu, Pasua

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Pole ya goti la mume wako, pole ya hayo madeni, na pole ya lile swali la binti ambalo naona limekuchoma kuliko madeni yenyewe.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona habari za fedha. Mara ya pili nikaona habari za mume aliyenyamaza. Mara ya tatu ndipo macho yangu yakatua kwenye sentensi ya maneno manne uliyoipitisha katikati kama vile haina uzito: "Mume wangu hajui lolote." Nadhani hiyo ndiyo barua yenyewe. Mengine yote yameizunguka.

Unaomba ujasiri wa kuishi hivi. Nisamehe, huo sitakuombea. Ujasiri wa kuishi hivi unao tayari, tena umekuwa nao miezi mingi, na ndio unaokumaliza. Nakuombea ujasiri wa saa moja tu, wa kukaa na mume wako na kumwambia.

Tuanze na imani, kwa sababu ndiyo uliyoitanguliza. Unasema imepotea. Mtu aliyepoteza imani haamki saa kumi alfajiri, kabla gari la kwanza la ndizi halijashuka kutoka Uru, akaketi gizani kumlilia Mungu ambaye hayupo. Angelala. Usingizi wa alfajiri una thamani kwa mtu anayesimama sokoni kutwa. Wewe unaamka. Kuhusu maneno kutotoka, kumbuka Hana katika Samweli wa Kwanza, sura ya kwanza. Midomo yake ilichezacheza bila sauti kusikika, hadi kuhani Eli akadhani amelewa. Kuhani, mtu wa kazi hiyo, alimtazama mwanamke akisali na hakutambua kwamba anasali. Kwa hiyo usishangae kama wewe mwenyewe hujatambua kwamba machozi yako ni sala.

Lakini kuna sababu nyingine ya maneno kukwama, nami nitakwambia bila kuzunguka. Nimefanya kazi ya ushauri wa ndoa na familia hapa Moshi kwa miaka 22, na hili nimeliona kwa watu wengi, wanawake kwa wanaume: anayemficha jambo kubwa mwenzake wa nyumbani hufika mahali sala ikawa nyembamba. Huwezi kumwambia Mungu yote kwa sauti wakati mtu unayemficha amelala upande wa pili wa pazia. Unanong'ona, unakatisha, mwisho unalia tu. Unamwomba Mungu akusaidie deni, na papo hapo unamwomba akutunzie siri, na maombi hayo mawili yanazibana njia. Sisemi haya kukuhukumu. Ulificha kwa huruma. Ulimtazama mtu aliyekuwa anabeba kilo 20 hadi kambi ya Barafu kule Kilimanjaro, zaidi ya mita 4,600 juu, akishindwa kubeba ndoo ya maji kutoka bombani, ukasema moyoni, huyu nisimwongezee. Naielewa huruma hiyo. Ila imegeuka ukuta, na yeye yuko upande wa pili akidhani unamdharau.

Fungua Wafalme wa Pili, sura ya nne, aya saba za mwanzo. Yupo mjane anayedaiwa, na mdai amekuja kuchukua wanawe wawili wawe watumwa. Hiyo ilikuwa kausha damu ya siku zile. Tunapohubiriwa habari hii tunakimbilia mafuta yaliyoongezeka. Mimi napenda tukae kwanza kwenye mambo yaliyotangulia mafuta. Mwanamke yule alilia kwa sauti mbele ya mtu, akataja deni kwa jina lake. Elisha akamuuliza, una nini nyumbani? Hakumuuliza amekosa nini. Kisha akamtuma kwa majirani kuazima vyombo vitupu, tena si vichache. Fikiria mtaa mzima unaona mama mjane na wanawe wakipita mlango kwa mlango kuomba mitungi! Siri haikuwepo tena. Halafu waliojifungia ndani walikuwa yeye na watoto wake, na watoto ndio waliomsogezea vyombo akawa anamimina. Familia nzima ilikuwa kazini. Wewe umejifungia ndani peke yako, na huna wa kukusogezea chombo.

Nikusimulie jambo la nyumbani kwetu. Nilizaliwa Old Moshi, baba alikuwa mkulima wa kahawa. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukilinda bei ya kahawa ulivunjika, bei ikaanguka, na watu wa mlimani wa umri wangu wanajua maana yake: kahawa ndiyo ilikuwa ada, ndiyo bati, ndiyo sare. Nilikuwa kidato cha pili, kaka yangu cha tatu. Jioni moja baada ya kula baba hakuondoka jikoni kama kawaida yake. Mama alikuwa anamenya ndizi mshare za kesho, mikono imeshika weusi wa utomvu. Baba alivua kofia, akaiweka juu ya goti, akasema, "Ada ya wote wawili sina. Nina ya mmoja, na hiyo nayo nimekopa." Mama aliacha kumenya. Nakumbuka kisu kikiwa kimesimama katikati ya ganda. Ni wazi kwamba habari ya kukopa alikuwa anaisikia hapo hapo na sisi.

Baba akasali. Sala fupi kuliko ya chakula. Hakuomba fedha, aliomba tusichukiane.

Kaka alikaa nyumbani mwaka mzima. Hakupenda, na kwa miezi kadhaa hakumsalimia baba vizuri. Mama naye alikasirika, si kwa sababu ya umaskini, bali kwa sababu aliambiwa pamoja na watoto badala ya kuambiwa kwanza. Alikuwa na haki. Kwa hiyo sikusimulii kama habari tamu. Nakusimulia kwa sababu mimi niliketi katika ibada za utoto wangu wote na mahubiri yamenitoka karibu yote, lakini kofia ile juu ya goti sijaisahau. Imani ya baba yangu niliiona siku alipoweza kusema "sina" mbele ya watoto wake na bado akafumba macho kusali.

Sasa wewe. Usimwambie usiku, mtu aliyelala na mawazo hapati pa kukimbilia. Usimwambie akiwa ametoka kunywa, wala mbele ya watoto, kwa kosa lile la baba yangu. Chagua Jumamosi asubuhi, binti akiwa kipaimara, wadogo wapeleke kwa shangazi au jirani. Ndiyo, mauzo ya Jumamosi yatapotea. Yapotee.

Kabla ya hapo chukua daftari uandike kila deni kwenye ukurasa mmoja: ulichukua kiasi gani, lini, umelipa ngapi, kimebaki ngapi, wameandikisha nini. Andika na yale madogo, la muuza mafuta, la mama wa duka. Wengi wakikiri hukiri nusu, na ile nusu iliyobaki ikitokea wiki mbili baadaye inaumiza kuliko yote. Kiri yote mara moja.

Maneno yasiwe mengi. Mwambie hivi, kwa namna yako: "Baba fulani, nimekukosea. Nimekopa bila kukwambia, hizi hapa zote nimeziandika. Niliogopa kukuongezea mzigo. Siwezi tena peke yangu." Kisha nyamaza. Sehemu ngumu ni hapo. Usijitetee, usimkumbushe kwamba yeye hana kazi, usilie ili akuonee huruma. Machozi yakija yenyewe yaje. Mpe nafasi ya kukasirika. Anaweza kutoka nje akakaa saa mbili. Mwache akae.

Umesema ni wa Uru, basi atalijua isale. Jani lile lile tunalopanda mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, ndilo mkosaji huja nalo kuomba radhi, na kwa mila yetu Wachaga anayeletewa isale hamfukuzi aliyeleta, anamsikiliza. Nimewaona wanandoa wa mjini kabisa, wenye vyeti vya chuo, wakilainika mbele ya jani hilo kuliko mbele ya maneno yangu yote. Ukiona inafaa, liweke mezani juu ya daftari. Lakini tuelewane: isale linafungua masikio, halimlazimishi mtu asamehe siku hiyo hiyo. Na sipendi kabisa linapotumika kumrudisha mwanamke aliyepigwa kwa mtu aliyempiga kana kwamba jani limemaliza kesi. Kama una hofu kwamba mume wako atakuinulia mkono, usikae naye peke yako. Waite wasimamizi wa ndoa yenu, au mzee wa kanisa mnayemheshimu wote wawili. Na likitokea la kutokea, Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi kwa ajili hiyo. Sheria ya Ndoa hairuhusu mume kumpiga mke wala mke kumpiga mume.

Sheria hiyo hiyo, ya mwaka 1971, ina jambo ambalo ningependa mume wako alisikie. Kifungu cha 63 kinamtaka mume amtunze mkewe, na watu wengi huishia hapo. Kinaendelea: mke mwenye uwezo anawajibika kumtunza mumewe pale anaposhindwa kujitafutia riziki, yote au sehemu yake, kwa sababu ya kuumia au ugonjwa. Zaidi ya miaka 50 iliyopita, waliotunga sheria walijua kwamba nyumba ina siku ambazo mzigo unahamia bega la pili. Mume wako anadhani ameacha kuwa mume. Anapokuona unarudi na beseni tupu, amechoka kwa kukaa, wewe umechoka kwa kusimama, hana la kusema. Ukimya wake, kwa ninavyousoma kwenye barua, ni aibu zaidi ya ukali.

Kwa hiyo usimpe taarifa ya madeni tu, mpe na kazi. Daftari liwe lake. Nimewahi kukaa na familia moja ya Majengo ambayo baba alikuwa amepooza mkono baada ya ajali. Alianza kwa kuandika mauzo ya mkewe kila jioni, mikungu mingapi, mshare ngapi, mzuzu ngapi, nini kimeoza. Ndani ya miezi miwili yeye ndiye aliyegundua kwamba mzuzu ndiyo inayowapa faida na nyingine inawala. Akaanza kukohoa kwa sauti ya mwenye nyumba tena, kama mkewe alivyoniambia. Goti halizuii kalamu. Wala halizuii kuombea chakula. Usimshurutishe kwenda kanisani, mwombe aombe mezani. Akikataa leo mwombe wiki ijayo. Lakini kama hapati usingizi, hali chakula, au anasema maneno ya kutamani asingekuwepo, hilo si la kusubiri na si la maombi peke yake. Nendeni hospitali ya Mawenzi au KCMC, muulizie huduma ya afya ya akili. Nimewapeleka watu wa kanisa, wazee wa kanisa pia.

Na kitu kingine, aliumia akiwa kazini. Ulizeni mapema Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mtafuteni aliyekuwa mwajiri wake, maana taarifa ya ajali inatakiwa itolewe na madai ya namna hii yana muda wake. Kusanyeni karatasi za hospitali na majina ya wenzake wa safari ile. Hiyo nayo ni kazi anayoweza kuifanya akiwa amekaa.

Wakopeshaji sasa. Mkopo wa tatu usichukue hata kama atakuja mtu anayetabasamu. Mkishaelewana, nendeni wawili, mchana, au mwende na mzee mmoja anayeheshimika mtaani. Ombeni nakala ya mkataba na muulize leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha kama biashara anatakiwa kuwa na leseni inayotolewa na Benki Kuu. Msiende kwa ugomvi. Semeni mtalipa, taja kiasi mnachoweza kwa wiki, kidogo cha kweli kuliko kikubwa cha kujisifia, na kila mlichotoa kiandikwe na kusainiwa. Mkidaiwa kwa vitisho, au mtu akitaka kuingia kubeba jiko kwa nguvu, mwenyekiti wa mtaa ajue siku hiyo hiyo, na polisi wajue. Kitambulisho ombeni kirudi. Majirani zetu Waislamu wanayo aya inayosema mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda hadi apate nafuu. Ni sura ya pili, aya ya 280. Kuomba muda wa kulipa si fedheha katika dini yoyote iliyopo hapa Moshi.

Na jumuiya yako waambie. Si lazima wote, na si lazima kiasi. Wanawake wawili unaowaamini, waambie "nina deni linanitesa, niombeeni na mniulize kila wiki nimelipa ngapi." Najua unaogopa maneno ya mtaa. Yatakuwepo, hilo siwezi kukuficha. Lakini kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, kinachokujua kinaweza kukukopesha kwa masharti ya binadamu, na hakiwezi kukusaidia kwa jambo kisilolijua. Yule mjane alibisha hodi kwa majirani.

Nimemweka binti mwishoni kwa makusudi, maana kumjibu kabla hujaongea na baba yake kungekuwa kumtwisha siri. Hilo usilifanye kamwe. Mtoto anayetunza siri ya mama dhidi ya baba huzeeka haraka. Pia usimwone kama mtoto aliyekosa adabu. Miaka 14, yuko karibu kusimama mbele ya usharika akiri kwa kinywa chake imani aliyobatiziwa akiwa mchanga. Ameulizwa swali hilo na kanisa, naye amelileta kwa mtu anayemwamini zaidi. Anakusikia alfajiri, mwanangu. Pazia halizuii kilio. Alichotaka kujua ni kama yule mama anayelia gizani na yule anayesema "Bwana asifiwe" Jumapili ni mtu mmoja.

Jumamosi atarudi mchana na kitabu chake mkononi, atawakuta mmekaa wawili na daftari mezani, pengine macho yamewavimba. Mwite akae. Kiasi cha deni usimtajie, mwambie tu kwamba nyumba ina deni, kwamba si kosa lake hata kidogo, na kwamba wewe na baba mnalishughulikia. Kisha mjibu lile swali, baba yake akisikia: "Naamini. Siku hizi naamini kwa shida. Kuna jambo nililificha kwa woga, leo nimemwambia baba yako." Akikuuliza zaidi, mjibu unalolijua. Halafu mpakulie chakula, atakuwa na njaa.